Ndege Zikipita Kiwalani

Siipendi harufu ya halwaridi. Nikisema hivyo watu huniangalia kama niliyesema siwapendi watoto, maana marashi ya waridi ndiyo ya harusini, ndiyo ya maulidini, ndiyo ya maitini, utayakwepa wapi? Lakini juzi, siku ya khitma ya mama, tulipofungua sanduku lake pale Kiwalani ili tugawe kanga zake, harufu hiyo ilitoka kabla ya nguo yoyote. Shangazi, dada yake baba, ambaye siku hizi anashikwa mkono kwenda msalani, alijiziba pua na upindo wa mtandio. "Astaghfirullah," alisema. "Hii si ilishatolewa ndani ya nyumba hii?"

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya kitambaa cheupe, nilikuta kikombe cha kahawa kilichopasuka vipande viwili. Vipande vilikuwa vimelazwa pamoja, kimoja kikiegemea kingine, kama mtu aliyekuwa na nia ya kuviunga siku moja akipata nafasi. Nafasi hakuipata. Nilikishika, nikakaa nacho juu ya kitanda chake, na mambo ya nyumba ile yakanirudia yote.

Asiyewahi kuishi Kiwalani inabidi aelezwe habari ya ndege. Nyumba yetu ilikuwa upande ule ambao ndege hupita zikienda kutua, chini kabisa, hata mabati hutetema na maji kwenye ndoo hufanya mikunjo. Ndege ikipita, watu hunyamaza. Hakuna anayefundishwa, ni adabu inayomwingia mtu yenyewe. Muuza duka atasimama na sukari kwenye mizani, wanawake wanaosukana watakatiza umbea katikati ya neno, na ikishapita, neno litaendelea palepale lilipoachwa. Mgeni tulimjua kwa kupiga kelele kushindana nayo. Wenyeji hatukushindana, tulisubiri.

Baba yangu alikuwa na duka mbele ya nyumba, na alikuwa na jina zuri. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kutoa turubai, na maulidi yakisomwa sukari ilitoka dukani kwake bila kuombwa. Mtaa mzima ulimwita mtu wa watu. Hata mimi, kama ningekuwa jirani tu, ningemwita hivyo. Kwetu kila mtu alivua viatu mlangoni isipokuwa yeye. Yeye aliingia na makubazi yake ya ngozi mpaka chumbani, kwa kuwa nyumba ni yake, na mlio wa makubazi yale kwenye sakafu ya sementi ndio uliotuambia tunyooke.

Mama alikuwa na alama. Nilipoanza kupata akili nilizikuta, kama nilivyokuta kuta na dari. Leo ya kijani mkononi, kesho ya zambarau shingoni, akiinama kukuna nazi ndipo zinaonekana. Nilimuuliza shangazi, kwa sababu kwa mambo ya majini yeye alikuwa daktari asiye na cheti. Akanishika kidevu.

"Mama yako ana jini, mwanangu. Lina wivu. Likikasirika linampiga."

"Linampiga saa ngapi?"

"Wakati wowote. Wewe usiliulizeulize, litakuhamia."

Nikaamini, ningeacha kuamini kwa lipi? Na kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye kupenda kupeleleza, nilianza kulichunguza jini hilo, nikagundua jambo ambalo nililiona kubwa sana. Mama alikuwa akiingia chumbani, makubazi ya baba yakimfuata, mlango unafungwa, ndege inapita. Ndege ikishapita mlango unafunguliwa. Baba anarudi dukani, akivuta uradi kwa tasbihi. Mama anatoka baadaye, akijifunga kanga upya, na alama mpya, uso umemnyauka. Kwa akili yangu ya kitoto nikapata jibu: jini linakuja na ndege. Linashuka kwenye mabati, linampiga mama, linarukia tena ndege kwenda zake. Na baba, masikini baba, aliingia chumbani kila mara kumlinda akashindwa.

Basi watoto wenzangu walipotoka mbio kuzipungia ndege mikono, "Bai! Bai!", mimi nilitoka na mawe. Nilizirushia ndege mawe mpaka bega likaniuma. Watu wazima walicheka. Baba mwenyewe alinichekea, akaniita kutoka dukani, akanipa pipi. "Kamanda wangu," aliniita. Nikaila pipi ile kwa fahari. Utamu wake bado nausikia, na ninatamani ningeweza kuutema.

Bi Salha alikuja alasiri moja, wakati mama akichagua mchele ukumbini. Nilikuwa nimekaa karibu naye nikila chenga za mchele mbichi. Ghafla harufu ya waridi ikajaa, nzito, na nyumba nzima hatukuwa hata na tone la marashi. Mama akauweka ungo chini taratibu. Mgongo wake, ambao siku zote ulikuwa umejikunja, ukanyooka. Akakunja miguu kama wanavyokaa mabibi wa zamani, akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Mtoto mzuri wewe," alisema. "Mwite baba'ako. Mwambie pana mgeni."

Haikuwa sauti ya mama. Ilikuwa sauti ya mtu mzima sana, ya mwanamke wa Unguja aliyezoea kutumikiwa. Nilikimbia huku nikilia. Baba akaja, shangazi akaja mbio kutoka nyumba ya pili, na wanawake wa jirani nyuma yake. Baba akaingia na makubazi yake kama kawaida.

"Vua viatu," ile sauti ikasema. "Hapa pana mtu mzima."

Shangazi akapiga magoti palepale. Alikwishatambua. "Ni ruhani," alinong'ona. "Ni pepo wa heshima, mwenye dini yake. Kaka, vua! Vua usije ukamletea balaa!"

Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Baba aliinama, akavua kubazi moja, akavua la pili. Akasimama pale na miguu mitupu, nyayo zake nyeupe na laini kama za mtoto. Akasema, huku akiangalia chini, "Shikamoo, bibi."

Bi Salha akamwacha kidogo, halafu ndipo akaitikia. "Marahaba. Hujambo, kijana?"

Tangu hapo akawa anakuja, na Bi Salha ndilo jina alilojitaja. Alitaka kikombe chake mwenyewe cha kahawa, kisichonywewa na mtu mwingine, na halua, na kitambaa cheupe cha kujifunika. Alitaka, akiwepo yeye, pasiwe na sauti ya juu wala viatu, na kiti chake kisiguswe na mwanamume. Kiti, ndivyo wanavyomwita mtu ambaye pepo humkalia, na kiti chake alikuwa mama. Wanawake walikuja kumsikiliza, wakamletea ubani, wakamuuliza habari za waume zao na watoto wao wanaochelewa kutembea. Na harufu ya waridi ikiwa ndani ya nyumba, baba alipita nje, dirishani, kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Mimi nilimwogopa. Kwangu yeye ndiye mpigaji. Niliona kwamba siku alizokuja, mama hapati alama, na siku asizokuja anapata, na nikaelewa kinyumenyume kabisa: kumbe jini hili hukasirika lisipoalikwa! Nikaanza kumbembeleza mama amwalike kila siku. Mama alinitazama sana siku hiyo. Hakucheka. Alinipakata tu, ingawa nilikuwa nimeshakua, akanusa nywele zangu.

Mambo yaliharibika siku ya khitma ya babu, nyumba imejaa ndugu wa upande wa baba. Wanawake tulikuwa ukumbini, wanaume barazani, mlango wazi. Harufu ikaja. Mama alikuwa amebeba sinia la pilau, akalikabidhi kwa mtu, akakaa. Shangazi kwa kujionyesha mbele ya wageni akamwita baba aje kumsalimu bibi, na baba zangu wadogo na mabinamu wakachungulia mlangoni. Baba akavua, akasalimu. Bi Salha akaitikia, kisha akasema bila haraka:

"N'na neno. Wewe kijana, ndege ikipita unampiga kiti changu. Unaingoja ije ili watu wasisikie. Miye nasikia. Acha."

Ukumbi ulitulia bila ndege. Nilimtazama baba, nikaona jasho limetoka juu ya mdomo wake, na nikamwonea huruma, kwa sababu nilijua majini husema uongo. Mmoja wa baba wadogo alikohoa. Mwingine alirudi barazani kimyakimya. Wale wanawake waliokuwa wakimletea ubani na kumuuliza siri za waume zao walianza kuangalia vidole vya miguu yao. Shangazi ndiye aliyejibu, kwa niaba ya ukoo.

"Huyu si ruhani tena," alisema. "Kageuka shetani. Anafitinisha watu. Lazima atolewe."

Nimefikiria sana jibu lile. Pepo aliyetaka halua na kitambaa cheupe alikuwa wa heshima. Alipotaka mwanamke asipigwe, akawa shetani.

Fundi wa kutoa majini aliletwa kutoka Manzese, mwanamke mnene mwenye pete nyingi, anayetafuna karafuu. Kazi ilifanywa mchana kweupe, na ilifanywa na wanawake. Baba alikuwa dukani, anapima unga. Walimkalisha mama kwenye mkeka, wawili wakamshika mikono, shangazi akamkalia miguu. Fundi alifukiza, akasoma, akaita, na Bi Salha alipokataa kutoka, akachukua kifimbo cha mpera.

"Msimwonee huruma," aliwaambia. "Hapigwi yeye. Linapigwa jini. Yeye hasikii kitu."

Nilikuwa nimesimama kwenye kona, na nilikuwa ninasikia kitu. Nilisikia mama akilia kwa sauti yake mwenyewe, si ya Bi Salha. "Shangazi ya mwanangu, ni mie! Wallahi ni mie!" Na fundi akisema, "Mwongo huyo, anajifanya." Mwalimu aliyepanga nyumba ya jirani, mama mmoja wa Kinyakyusa, alikuja mpaka mlango wa uani. "Jamani, mtamuua huyo mama! Zile alama ni za ngumi, si za jini. Nyie hamna macho?"

Shangazi hakugeuka hata. "Mwalimu, haya mambo ya kwetu. Wewe wa bara, tuachie wenyewe."

Ndege ikapita. Mabati yakatetema, na wote wakanyamaza kwa mazoea, wale walioshika na yule aliyesoma. Kifimbo peke yake hakikunyamaza. Ilipokwisha kupita, mama aliinua kichwa na ilikuwa sauti ile nyingine, lakini imechoka.

"Basi. Naondoka. Mjukuu wangu yule pale anipe maji."

Walinisukuma mbele. Nilimnywesha kwa kikombe chake cha kahawa, meno yake yakigonga ukingo, nusu ya maji yakimmwagikia kifuani. Aliyameza polepole. Macho yake yalinitulia usoni. "Ahsante. Nitakujua," aliniambia. Nikajikojolea pale pale mkekani.

"Toa alama kwamba umetoka!" fundi akapiga kelele.

Kikombe kilikuwa sakafuni, hapana aliyekigusa. Kikalia "ta", kikagawanyika vipande viwili. Wanawake wakapiga vigelegele. Harufu ya waridi ikapungua, ikaisha, na mama akalala juu ya mkeka wetu wa kila siku, mgongo umejikunja tena.

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilicheza rede jioni ile kama mtoto aliyefunguliwa kamba. Jini limeondoka, mama hatapigwa tena, na ndege zipite zitakavyo. Nikaacha kuokota mawe.

Kisha ndege zikapita. Makubazi yakaenda chumbani, mlango ukafungwa, ukafunguliwa, na mama akatoka na mkono ambao haukunyooka tena vizuri mpaka anaingia kaburini. Nilisimama uani na sufuria ninalosugua, nikangoja maelezo. Jini si limetolewa? Kikombe si kilipasuka? Basi nani? Nilikaa na swali lile jua linazama, na hakukuwa na mtu wa kuliuliza, kwa sababu jibu lilikuwa limekaa dukani linapima mchele, linacheka na wateja. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema. Siku hiyo niliielewa methali hiyo bila kufafanuliwa na mwalimu.

Baadaye mama akapoteza usikivu wa sikio moja. Watu wakasema ni ndege za Kiwalani, zinaharibu masikio. Mimi nilikuwa nimekua, na nilikuwa nimejifunza kunyamaza kama wenyeji.

Sasa naishi Boko, peke yangu, na niliichagua Boko kwa sababu ndege zake ziko juu na hazimzuii mtu kusema. Mama alikuwa akija kunitembelea, analala kutoka adhuhuri mpaka magharibi, mpaka shangazi anatumwa kuja kumchukua kwa kuwa mume hana wa kumpikia. Nilimsihi abaki. Alisema, "Nitakuja kukaa, ngoja kwanza," na hakuja kukaa. Siku moja nikathubutu kumuuliza sikioni, upande ule mzima, "Mama, Bi Salha alikuwepo kweli?"

"Mie nitajuaje?" alisema. "Akija yeye, mie nilikuwa sipo. Nilikuwa nalala." Akaongeza, "Ule ndio usingizi pekee niliolala vizuri katika nyumba ile."

Hospitali walisema ni presha. Tulipomwosha, shangazi alikuwa miongoni mwetu, akielekeza maji yamwagwe wapi. Alipofika kwenye ule mkono uliopinda alitikisa kichwa. "Yale majini yalimtesa sana, masikini." Nilikuwa nimeshika kata. Nilimwaga maji.

Hayo ndiyo niliyoyakumbuka juzi, nimekaa kitandani kwa mama na vipande viwili vya kikombe mkononi. Nilikuwa nimevishika bado nilipotoka kwenda ukumbini kukaa na wanawake. Wanaume walikwishamaliza kusoma. Ndipo niliposikia makubazi. Baba aliingia kutushukuru, mzee sasa, kofia nyeupe, tasbihi, na wanawake wote wakajisogeza kumpisha.

"Nawashukuruni," alisema. "Mwenzangu alikuwa mtulivu. Tumeishi umri wote ule, na hakuna jirani aliyewahi kutusikia."

"Haswa," wanawake wakaitikia. "Haswa, baba."

Ndege ikaja. Mabati yakaanza kutetema, na watu wote wakanyamaza kama ilivyo adabu, baba na mdomo wake wazi, anangoja imalize ili aendelee kumsifu. Harufu ya waridi ikapanda kutoka mikononi mwangu. Mgongo wangu ukanyooka. Nikasema kwa sauti iliyoipita ndege ile, na kila mtu akasikia:

"Vua viatu."

Shangazi alitoa ukelele, akauziba kwa mtandio. Baba alinitazama, kisha akakitazama kikombe. Rangi ilimtoka. Aliinama kwa shida, akishika ukuta, akavua kubazi moja, akapumzika, akavua la pili. Nyayo zake bado zilikuwa nyeupe na laini. Ndege ilikuwa imeshapita, na ukumbi mzima ulimsikia.

"Shikamoo, bibi."

Mama aliniambia kwamba Bi Salha akija, yeye alikuwa hayupo. Mimi nilikuwepo. Niliwaona wanawake wote wamenikodolea macho, wanangoja neno moja tu ili wapumue, baba aondoke zake, khitma iishe salama, na kila kitu kirudi kuwa mapenzi ya Mungu. Marahaba ilikuwa tayari kinywani mwangu. Niliimeza, nikamwacha asubiri.